Maranda Yetu na Maranda ya Wenzetu

Inapotajwa kazi ya kuhifadhi utamaduni wa Taifa, wengi wetu hukimbilia ngoma, mavazi, vinyago na methali. Hayo ni mambo mema, wala hatuna nia ya kuyapunguzia heshima yake. Lakini utamaduni wa watu huonekana pia katika vile vitu wanavyovitupa, na pengine huko ndiko unakoonekana waziwazi zaidi. Mtu akitaka kujua sisi twajithamini kiasi gani, na aende nyuma ya kiwanda cha kupasua mbao, akalitazame lundo lililoko huko, kisha aulize lundo lile huishia wapi.

Sisi tumeuliza. Majibu tuliyoyapata ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu, na twaomba radhi mapema kwa wale watakaoyaona maneno yetu kuwa makali.

Kwanza tuelewane kwa majina. Gogo linapopasuliwa, vile vipande vya ubavuni, vyenye gome upande mmoja na uso ulionyooka upande wa pili, mafundi wetu huviita mabanzi. Unga na vinyweleo vinavyoanguka chini ya msumeno na randa ni maranda. Viko pia vipande vyembamba vinavyotoka ubao unapolinganishwa kingo, na viko vile vifupi vya miishoni. Vyote hivyo, vikishaingia katika maandishi ya ofisini, hupewa jina moja: taka za mbao. Ugomvi wetu ni na neno hilo, taka, pamoja na fikra iliyolizaa.

Tusimlaumu mpasuaji kwa kosa lisilo lake. Wanafunzi wa hisabati wanaweza kulipima jambo hili kwa kalamu na karatasi. Gogo ni duara na ubao ni mstatili. Chukua gogo lenye kipenyo cha sentimita 30. Eneo la uso wake ni kiasi cha sentimita za mraba 707. Mraba mkubwa kabisa unaoweza kuingia ndani ya duara hilo una sentimita za mraba 450 tu, yaani kama asilimia 64. Hapo msumeno haujaanza kazi yake ndani ya mraba. Ukiupasua mraba huo kwa mbao za unene wa milimita 25, kwa msumeno wa duara ambao meno yake hula milimita 6 katika kila njia, utapata mbao 7, na jumla ya eneo lake ni sentimita za mraba 371. Nusu ya gogo na kidogo juu yake! Na hilo ni gogo la kwenye karatasi, lililonyooka, lisilo na kibyongo, lililo sawa toka shinani hadi kileleni. Miti ya kweli haioti hivyo. Fundi mjuzi ataweza kuchopoa ubao mwembamba mmoja mmoja katika mabanzi, na msumeno wa ukanda, ambao ni mwembamba zaidi, utapunguza maranda. Hata hivyo, kila tunapouona ubao mmoja juu ya paa, yatupasa tukumbuke kwamba mwenziwe wa uzito kama huo alibaki kiwandani.

Sasa alibaki akafanya nini?

Tuitazame Feri, hapa hapa Dar es Salaam. Mtaa wenyewe una jina la Magogoni, jina ambalo mwenye Kiswahili haambiwi maana yake. Hapo ndipo lilipo soko la samaki lililojengwa kwa msaada wa Japani na kuanza kazi 2002. Hapo ndipo vyombo vya mbao huegeshwa kila alfajiri, na hapo ndipo samaki hukaangwa kwa moto wa kuni mchana kutwa. Ukilichungua lundo la kuni penye makarai, utaona kwamba si kuni zote zilizotoka porini. Zimo zenye alama ya msumeno: mabanzi, ncha za mbao za kenchi, vibao vya makasha ya mizigo. Mti uliopandwa Mufindi, ukapaliliwa, ukapunguziwa matawi, ukangojewa miaka 20 na zaidi, kisha ukasafirishwa kwa lori zaidi ya kilomita 500, sehemu yake moja inakuja kuishia hapa kwa kuivisha kibua katika muda wa robo saa.

Hatumlaumu mkaanga samaki. Yeye hununua kinachouzwa kwa bei anayoiweza, na karai lake ndilo linalosomesha watoto. Lawama zetu zaelekea kwa wale waliokuwa na nafasi ya kukiona kipande kile kabla hakijafika motoni, wakakigeuzia uso.

Kutoka Feri hadi Kariakoo ni mwendo wa miguu usiofika saa moja. Huko Kariakoo na katika mitaa inayoizunguka, msomaji atayakuta maduka ya samani zilizotoka ng'ambo: makabati marefu, vitanda vyenye vioo kichwani, meza za televisheni. Vinang'aa kama sahani iliyooshwa. Wanunuzi wanavizunguka kwa heshima, na wengine huvikopea fedha ili wavipeleke nyumbani kwa bwana arusi. Basi mwombe muuzaji akugeuzie kabati moja. Litazame mgongoni, au penye mguu, pale karatasi iliyochorwa picha ya mti ilipobanduka kidogo. Pekecha kwa ukucha. Utakachokiona ni maranda.

Naam, maranda! Maranda ya viwanda vya watu wengine, yaliyokusanywa, yakakaushwa, yakachanganywa na gundi, yakashindiliwa kwa joto, yakavikwa karatasi, yakavushwa bahari. Mbao za namna hiyo, tunazoziita chipibodi, zilianza kutengenezwa kibiashara Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mbao nzima zilipoadimika. Ndugu yake mkubwa ni hadibodi. Hiyo ilibuniwa Marekani 1924 na William Mason, katika mji wa Laurel, jimbo la Mississippi, naye alikuwa akihangaikia jambo hili hili tunalolijadili: mabaki ya viwanda vya mbao yaliyokuwa yakichomwa bure mbele ya macho yake. Wenzetu walikabiliwa na lundo kama letu, wakakaa wakalifikiria. Sisi tunalitia kiberiti, kisha twakwenda dukani kununua mawazo yao kwa fedha za kigeni.

Mtu atasema kwamba viwanda hivyo vyahitaji mitaji mikubwa. Ni kweli, lakini si ugeni kwetu. Nchi yetu imewahi kuwa na viwanda vya aina hiyo, Mkumbara mkoani Tanga na pia Arusha. Kuhusu mbao zenyewe, Sao Hill ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini. Majaribio yake yalianza 1939, na kiwanda cha kupasua mbao kikajengwa huko katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Norwei. Huko Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu kilichoanzishwa 1975. Taasisi ya utafiti wa misitu, TAFORI, iliundwa kwa sheria ya 1980. Maarifa tunayo kwa miaka mingi. Tulichokosa ni watu wa mijini wenye kuyataka maarifa hayo yawafikie sebuleni.

Hapa yafaa tumkumbuke mtu mmoja ambaye wanafunzi wote wamelisikia jina lake. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, alianza kuchora picha zake hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Hakuwa na kitambaa cha wachoraji wa Ulaya wala rangi zao. Alichukua vipande vya mraba vya hadibodi, akavipaka rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, akachora chui, ndege na mbuyu. Leo ulimwengu mzima unazijua picha hizo kuwa ni sanaa ya Tanzania, nasi twajivunia. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kusema kwamba uso ule unaobeba chui ni mti uliosagwa? Utamaduni wetu ulishasimama juu ya mabaki ya msumeno, tena ukapata sifa. Twashindwa vipi kuketi juu yake?

Wala tusidhani kwamba kuheshimu kipande kisicho kamili ni somo la kujifunza kwa wageni. Fundi wa jahazi wa pwani yetu hanyooshi kila mti. Mataruma ya jahazi, yaani zile mbavu zinazoshikilia mbao za ubavuni, huchaguliwa katika matawi yenye pindo la asili, kwa sababu tawi lililopinda lenyewe lina nguvu kuliko ubao ulionyooka uliokatwa kwa umbo la kupinda. Mti ambao mwenye kiwanda angeuita mbovu, fundi wa jahazi huzunguka kuutafuta. Nyumba za mawe za miji ya kale ya pwani nazo zina vyumba vyembamba, upana wake aghalabu haufiki mita 3, na sababu yake imo darini: boriti za mikoko hazikuwa ndefu zaidi ya hapo. Mjenzi hakuilazimisha mikoko irefuke. Aliipima, akakubaliana nayo, akajenga nyumba zilizodumu karne kadhaa. Mbuzi ya kukunia nazi ni vipande viwili tu vya ubao vilivyopishana. Kigoda ni kipande cha gogo ambacho hakikufaa kwa ubao. Wachonga vinyago wa Kimakonde, hasa wale wa mtindo wa shetani ulioanza katika miaka ya 1950, huufuata mpingo kama ulivyo, na ufa au tundu lililomo ndani ya gogo huweza kugeuka jicho.

Basi kasumba hii ya kutaka kila kitu kiwe cha kipande kimoja, kilichonyooka, kisicho na kiungo wala fundo, imetoka wapi? Kwa maoni yetu imetoka mahali pawili. Ya kwanza ni ya zamani. Mkoloni alipoanzisha misitu ya kupanda na viwanda vya mbao, aliandika madaraja. Kulikuwa na mbao za daraja la kwanza, la pili na la tatu, na chini ya hapo pakawa na vitu visivyo na jina. Sisi tuliyarithi madaraja yale pamoja na ofisi, tukayapanua hadi yakawa madaraja ya watu. Nyumba ya mabanzi ikawa nyumba ya mtu wa mwisho. Mtoto aliyesoma katika banda la mabanzi akikua na kupata cheo, kitu cha kwanza anachotaka kukisahau ni harufu ya gome lile.

Ya pili ni ya siku hizi, nayo ni utumwa wa kung'aa. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wazee, na walionya vilevile kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Kabati la karatasi lapita. Maji yakimwagika sebuleni siku moja, miguu yake huvimba kama uji, na baada ya hapo hakuna fundi awezaye kuitengeneza, maana msumari haushiki katika maranda yaliyolowa. Meza ya msindano iliyounganishwa vizuri ikichakaa, hupigwa randa ikaanza maisha mapya.

Tunajua yale tutakayojibiwa, na si haki kuyapita.

Wako watakaosema kwamba tunatukuza umaskini, kwamba mwananchi aliyevumilia banda la mabanzi kwa miaka mingi ana haki ya kupumua ndani ya nyumba ya tofali na kukalia kiti laini. Hoja hii ina uzito, na tunaikubali nusu yake. Banda la mabanzi lililopigiliwa yakiwa mabichi, na magome yake, bila msingi wala uingizaji wa hewa, ni makazi mabaya, wala hatumwombei mtu yeyote akae humo kwa ajili ya kuhifadhi mila. Lakini ubaya wa banda lile haukutoka katika banzi. Ulitoka katika kunyimwa ufundi. Gome ni maskani ya wadudu, kwa hiyo hutolewa kwanza. Mti mbichi husinyaa na kupinda, kwa hiyo hupangwa kivulini, na vijiti katikati ya safu na safu ili hewa ipite, ukasubiriwa. Ubao unaogusa ardhi huliwa na mchwa, kwa hiyo husimamishwa juu ya mawe au zege. Haya yote hayahitaji fedha za mkopo. Yahitaji subira, na mtu wa kufundisha.

Wengine watataja moto, na hoja yao ni nzito zaidi. Vibanda vya mbao vilivyosongamana hushika moto upesi, na moto huruka kutoka kimoja hadi kingine kabla gari la zimamoto halijapata pa kupita. Tunakubali kwamba mahali pa biashara panahitaji nafasi, njia na maji. Hata hivyo, wenye hoja hii na wakumbuke usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Kilichoungua Kariakoo usiku ule kilikuwa soko kuu lenyewe, jengo la zege lililobuniwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa 1975, mojawapo ya majengo mazuri kuliko yote ya nchi hii. Moto hauchagui banzi na zege pale ambapo hakuna utaratibu.

Na tulipofika Oktoba 2021, wafanyabiashara wadogo walipoondolewa kando ya barabara Kariakoo na kwingineko jijini, vibanda na meza zao vilivunjwa. Hatuingii katika ubishi wa nani alikuwa na haki ya kukaa wapi. Tunaizungumzia mbao. Meza ya machinga ni kazi ya ujenzi iliyofikiriwa: nyepesi ya kubebwa na watu wawili, yenye mkono wa kushikilia mwavuli, na droo ya siri chini yake, imetengenezwa kwa papi, vipande vya milunda na mabanzi. Waliosomea usanifu wa majengo wangeweza kuichora, kuipima na kuiboresha, ili ikunjike na ipangwe kwa safu zenye nafasi. Badala yake ilihesabiwa kuwa uchafu wa mji. Twashangaa kwamba kiti cha makasha alichokibuni Mholanzi Gerrit Rietveld 1934, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, kwa mbao hafifu za makasha ya mizigo, huheshimiwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, na meza ya Mtaa wa Kongo hata picha ya ukumbusho haina.

Tusiwaache mafundi nao bila neno. Wako wanaoliharibia banzi jina. Fundi huchukua mbao mbichi, akaziunga haraka, akaziba nyufa kwa maranda yaliyochanganywa na gundi, akapaka vanishi nzito jioni, na asubuhi mteja analibeba kabati. Baada ya miezi mitatu milango haifungiki. Mteja yule hatarudi tena kwa fundi wa Kitanzania. Atakwenda moja kwa moja kwenye duka linalong'aa, na atawaambia ndugu zake wote. Huyo fundi amewadhulumu wenzake wa Keko na Buguruni kuliko mwagizaji yeyote wa bidhaa za nje. Ufundi usio na uaminifu ni aina ya uharibifu wa misitu.

Yasemwa pia kwamba maranda hayatupwi, maana wafugaji wa kuku huyanunua kwa magunia ya kutandaza bandani. Hilo ni kweli, nasi tunalifurahia. Linathibitisha yale tunayoyasema: mwananchi wa kawaida hajawahi kuwa na takataka nyingi. Mfuga kuku, mkaanga samaki, mjenga kibanda, wote walikwisha kuiona thamani. Waliobaki nyuma ni wale wenye kalamu.

Kwa hiyo twawageukia walimu. Mwezi Machi 1967 ilitolewa Elimu ya Kujitegemea, na shule zikaambiwa ziunganishe kichwa na mikono. Tunajua yaliyotokea katika shule nyingi: kujitegemea kukawa kulima bustani ya mwalimu mkuu na kubeba maji, na karakana ya useremala ikafungwa kufuli kwa kukosa msumeno. Sasa, kwa Sera ya Elimu ya 2014 toleo la 2023, mkondo wa amali umeanza katika sekondari toka 2024. Hii ni nafasi ya pili, na mataifa hayapewi nafasi za pili mara nyingi. Lakini amali itakufa kama bustani ile ikiwa kila shule itasubiri kununuliwa mbao za daraja la kwanza ili vijana wajifunzie kuzikata. Mabanzi yapo. Maranda yapo. Mwanafunzi anayejifunza kwa banzi hujifunza zaidi, kwa sababu banzi humlazimisha kufikiri kabla ya kukata.

Na ajifunze nini? Ajifunze kuchana banzi kuwa papi za upana wa sentimita 4 au 5, kuzipiga randa, kisha kuziunganisha ubavu kwa ubavu kwa gundi na kuzibana kwa jiliwa mpaka ziwe ubao mmoja mpana. Aambiwe sababu ya kuzipishanisha, moja pete za mti ziangalie juu na ya pili ziangalie chini: kila moja hutaka kupinda upande wake, na zikipishanishwa huzuiana, hata ubao ukatulia kuliko ule wa kipande kimoja. Ajue kwamba Mjerumani Otto Hetzer alipata hataza 1906 kwa kuunganisha mbao nyembamba kwa gundi na kupata mihimili iliyopinda ya kubeba mapaa makubwa, na kwamba katika nchi nyingi leo madaraja na kumbi hujengwa kwa njia hiyo. Ajifunze kenchi. Nguvu za kenchi zimo katika pembetatu, na pembetatu haijali kama mbao zake ni fupi, mradi viungo viwe vimepigwa sawasawa. Banda la karakana, paa la jiko la shule, kivuli cha kusubiria basi, vyote hivyo vyaweza kusimama kwa mbao ambazo hakuna iliyozidi mita 2.

Liko jambo moja la hatari ambalo mwalimu hana ruhusa ya kulisahau. Mbao nyingi za msindano zinazouzwa kwa ajili ya mapaa hutiwa dawa ya kuzuia mchwa, na rangi yake ya kijani huonekana kwa macho. Dawa ya namna hiyo iliyotumika kwa miaka mingi ina shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Kipande cha mbao hiyo kikichomwa, sumu hutoka na moshi na nyingine hubaki katika jivu. Hakifai kukaangia samaki, hakifai kuchomea chapati, wala maranda yake hayafai kutandazwa chini ya kuku. Kipande hicho hicho kikifanywa nguzo ya uzio, kitakaa miaka mingi. Hapa hoja ya utamaduni na hoja ya afya zimekutana mahali pamoja: kuna mabaki ambayo kuyachoma ni kosa, na kuyajengea ni salama kuliko kuyachoma. Wauza mbao wangeweza kuyatenga kwa rundo la peke yake na kuandika neno moja kwa chaki. Hatujaona sababu ya kutofanya hivyo.

Tuseme na ofisi pia. Mwaka 2016 nchi nzima ilihangaikia madawati. Watoto walikuwa wakikaa chini, viongozi wakachangisha, makampuni yakatoa, na madawati mengi yakapatikana. Ilikuwa kazi njema, na aliyekuwa mtoto akiandikia juu ya goti hawezi kuidharau. Lakini tuliwahi kusoma hati moja ya zabuni ya madawati, ya ofisi ambayo hatutaitaja, iliyotaka ubao wa kuandikia uwe wa kipande kimoja, usio na kiungo wala fundo. Ubao wa namna hiyo hutoka katika gogo kubwa, na bei yake ni ya gogo kubwa. Kwa masharti hayo, fundi wa Keko mwenye papi zilizokauka vizuri na gundi bora alishindwa kabla hajainua randa, na mtoto wa darasa la pili akaendelea kungoja mti unenepe.

Aliyeyaandika masharti yale hakuwa mtu mbaya. Aliyanakili katika hati iliyotangulia, nayo ilinakiliwa katika nyingine, na ukizifuata nyuma hati hizo huenda ukafika kwenye madaraja yale ya mkoloni. Sisi twaomba sentensi moja ibadilishwe: kwamba ubao wa dawati waweza kuunganishwa kwa gundi, mradi mbao ziwe kavu na dawati lijaribiwe kwa kukaliwa na kutikiswa kabla ya kupokelewa. Sentensi hiyo haihitaji mkopo, wala mtaalamu kutoka nje. Wanafunzi wa amali wa shule yoyote ya Iringa au ya Dar es Salaam wanaweza kutengeneza dawati la kwanza la majaribio kwa mabanzi ya wiki moja, na mwenye ofisi akaja kulikalia mwenyewe.